Mawanda ya Ukanushi: Mantiki Rasmi na Maana ya Sentensi ya Kiswahili

Tangazo lililobandikwa mlangoni mwa nyumba ya kupanga lasema: "Wapangaji wote hawajalipa kodi ya Machi." Mpangaji mmoja anayo risiti mkononi. Je, tangazo hilo ni la uongo? Jibu linategemea jambo lisiloonekana katika mfuatano wa maneno, yaani mawanda ya ukanushi: kiambishi *ha-* kinakanusha kiasi gani cha sentensi.

Maswali ya namna hii ndiyo yaliyowaleta wanaisimu kwenye mantiki. Mwaka 1879 Gottlob Frege wa Ujerumani alibuni mfumo wa alama unaotenganisha "kila" na "baadhi" pasipo utata. Hata hivyo, wanamantiki wengi waliomfuata waliiona lugha ya watu kuwa na vurugu mno. Richard Montague, aliyefundisha Los Angeles, aliupinga mtazamo huo waziwazi mwaka 1970: kwake hapakuwa na tofauti ya msingi ya kinadharia baina ya lugha asilia na lugha za wanamantiki. Msingi wa kazi hiyo ni kwamba anayeijua maana ya sentensi anajua ulimwengu ungepaswa kuwaje ili sentensi hiyo iwe kweli.

Tangazo la mwenye nyumba laweza basi kuandikwa kwa njia mbili:

(1) ∀x (Mx → ¬Lx): kwa kila x, ikiwa x ni mpangaji, basi x hajalipa.

(2) ¬∀x (Mx → Lx): si kweli kwamba kila aliye mpangaji amelipa.

Chini ya (1), risiti moja inalibatilisha tangazo zima. Chini ya (2), tangazo linabaki kuwa kweli maadamu yupo mwingine anayedaiwa. Kiswahili kina muundo wake mahususi kwa maana ya pili: "Si wapangaji wote waliolipa." Humo *si* hutangulia *wote*, kama vile alama ya ukanushi inavyotangulia ∀. Kwa kuwa muundo huo upo, msomaji makini ana haki ya kulisoma tangazo kwa maana ya kwanza, na mwenye risiti ana haki ya kulalamika. Katika mazungumzo, mkazo juu ya *wote* waweza kuivuta maana upande wa pili. Karatasi ya mlangoni haina mkazo.

Lakini fomula hizo zimeacha kitu. "Hawakulipa" na "hawajalipa" zote zingeandikwa kwa ¬ ileile, ilhali *-ja-* hubeba maana ya "hadi sasa" na kuacha mlango wazi kwa malipo ya kesho. Ili kuidaka tofauti hiyo huhitajika mantiki ya njeo, ambayo Arthur Prior aliiendeleza katika miaka ya 1950. Anayedai kwamba mofolojia ya Kiswahili ni pambo tu la nje ataikuta hapa hoja ngumu kuipangua.

Kiambishi cha yambwa nacho kina neno. "Kila mwanafunzi alisoma kitabu kimoja" yaruhusu kila mmoja awe na kitabu chake. "Kila mwanafunzi alikisoma kitabu kimoja" huelekea zaidi kwenye kitabu mahususi kilichosomwa na wote. *Ki-* hiyo haiifungi kabisa maana ya kwanza, na ndiyo maana haitoshi kuipa alama moja ya kimantiki: muktadha nao lazima uingizwe katika hesabu.