Sura ya Nne: Shule ni ya Nani?

Kiangazi cha mwaka 1878, katika siku chache tu, Waholanzi zaidi ya 300,000 walitia sahihi ombi la kumsihi Mfalme Willem III asiidhinishe sheria mpya ya elimu. Nchi nzima ilikuwa na watu wapatao milioni 4, na wengi wa waliotia sahihi hawakuwa hata na haki ya kupiga kura: wavuvi, mafundi, makarani, wakulima wadogo. Mfalme aliwapokea wajumbe wao, kisha akaidhinisha sheria vilevile.

Sheria yenyewe ilionekana njema. Iliinua viwango vya majengo na vya walimu. Lakini fedha za serikali zilikwenda kwa shule za umma peke yake, huku shule za dini zikitakiwa kufikia viwango hivyohivyo bila kupewa hata senti. Mzazi aliyetaka mwanawe asomeshwe kwa imani ya nyumbani alilipa mara mbili: kodi kwa shule asiyoitaka, na karo kwa ile aliyoitaka. Waliberali waliotunga sheria walijitetea kwamba shule ya umma haiegemei upande wowote. Wapinzani wao wakauliza: je, upo upande usioegemea popote?

Aliyelishika swali hilo kuliko wote alikuwa Abraham Kuyper. Kupitia kwake tunaweza kuuona mtazamo wa Kikristo wa kihafidhina ukiwa umepangwa kama hoja kamili, kuanzia madhabahuni hadi bungeni na maabarani.

Mchungaji aliyegeuzwa na waumini wake

Kuyper alizaliwa mwaka 1837 katika mji wa Maassluis, mtoto wa mchungaji. Alisoma teolojia Leiden, chuo kilichokuwa kitovu cha fikra za kisasa, akapata udaktari mwaka 1862 akiwa mliberali wa kweli katika dini. Mwaka uliofuata alipewa usharika wa kijijini, Beesd. Huko alikuta kikundi cha waumini wakali wasioridhika na mahubiri yake, miongoni mwao Pietje Baltus, binti wa familia ya wasaga nafaka, ambaye hapo mwanzo alisita hata kumpa mkono. Kijana msomi aliamua kuwasikiliza. Aligundua kwamba watu hao wasio na shahada walikuwa na mtazamo wa dunia uliopangika kuliko wake, urithi wa Calvin uliotunzwa majumbani.

Kutoka hapo kasi yake haikupungua. Mwaka 1872 alianzisha gazeti la kila siku, De Standaard. Mwaka 1874 aliingia bungeni. Mwaka 1879, hasira ya lile ombi ikiwa bado mbichi, alikiunda Chama cha Kupinga Mapinduzi, chama cha kwanza cha siasa cha kisasa nchini humo. Mapinduzi yaliyopingwa ni ya Ufaransa ya 1789. Kuyper, akimfuata mwanahistoria Groen van Prinsterer, hakulilia wafalme waliong'olewa. Alichokikataa ni wazo kwamba mamlaka yote huanzia kwa binadamu na kuishia kwake.

Kila eneo na mamlaka yake

Tarehe 20 Oktoba 1880, ndani ya Nieuwe Kerk mjini Amsterdam, Kuyper alizindua Chuo Kikuu Huria. Huria maana yake huru mbele ya serikali na huru mbele ya kanisa pia. Hotuba ya siku hiyo ndiyo shina la fikra zake zote za kisiasa.

Hoja yake ni hii. Mamlaka yote ni ya Mungu, na Mungu hakumkabidhi mtu mmoja wala chombo kimoja yote kwa jumla. Ameyagawa. Familia ina mamlaka yake, kanisa lina lake, na vivyo hivyo shule, biashara, sanaa na sayansi. Baba hapati ubaba wake kwa hisani ya waziri, wala mwanasayansi hangoji askofu amruhusu kupima. Serikali nayo ni eneo mojawapo, lenye kazi maalumu: kuamua maeneo yanapogongana, kumlinda mnyonge anayeonewa ndani ya eneo lake, na kumtaka kila mtu abebe sehemu yake ya mzigo wa pamoja. Ikivuka hapo, imeingia shamba la mwenzake.

Wengi hudhani mhafidhina wa Kikristo akiingia siasani anatafuta sheria ya kulazimisha imani. Kuyper alikwenda kinyume na hilo mpaka akagusa ungamo la kanisa lake. Ungamo la Ubelgiji la mwaka 1561 liliwataka watawala waondoe ibada za sanamu na dini za uongo. Kuyper alilipinga fungu hilo, na mwaka 1905 sinodi ya makanisa yake ililifuta. Imani inayohitaji upanga wa dola, kwake, ilikuwa imekwisha kukiri udhaifu.

Sayansi mbili, imani mbili

Mwaka 1898 alialikwa Princeton, Marekani, kutoa mihadhara sita kuhusu Ukalvini, mmojawapo ukihusu sayansi. Alikataa kwamba imani na sayansi zinapigana. Kila sayansi, alisema, ina imani chini yake: kwamba akili yetu inaweza kuaminika, kwamba ulimwengu una mpangilio. Pambano ni kati ya wanaouona ulimwengu kuwa uko kama ulivyopaswa kuwa, na wanaoamini kuwa umeharibiwa na dhambi na unahitaji kukombolewa. Makundi yote mawili hupima kwa mizani ileile. Hutofautiana wanapoulizwa vipimo hivyo vina maana gani.

Msimamo huo ulimpa nafasi ambayo wahafidhina wengi wa baadaye waliipoteza. Katika hotuba yake ya 1899 kuhusu nadharia ya mageuko aliishambulia vikali falsafa iliyotaka kueleza kila kitu, hata maadili, kwa mwenye nguvu kummeza dhaifu. Lakini papo hapo alikubali kwamba kama Mungu angependa kuumba viumbe kimoja kutoka kingine, si kazi ya binadamu kumpangia mbinu.

Warithi wake hawakuwa wapole hivyo. Mwaka 1926 sinodi ya Assen ilimwondoa mchungaji J. G. Geelkerken kwa sababu hakuwa tayari kukiri kwamba nyoka wa Mwanzo 3 alisema kwa sauti ya kusikika.

Katika chanjo ya ndui nako chama cha Kuyper kilisimama kwenye mpaka. Mpango wake wa 1879 ulipinga chanjo ya lazima, kwa hoja kwamba dola haina ruhusa ya kuilazimisha dhamiri. Hapa nadharia yenyewe inamrudia. Ugonjwa wa kuambukiza haukai ndani ya uzio wa familia moja, na kumlinda mnyonge ilikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, wajibu wa serikali.

Penye kasoro

Kuyper alikuwa waziri mkuu kuanzia 1901 hadi 1905. Mwaka 1891 alikuwa amewatetea wafanyakazi kwa hotuba kali dhidi ya umaskini wa viwandani. Mwaka 1903 wafanyakazi wa reli walipogoma, serikali yake ilipitisha sheria ya kuwakataza.

Kasoro kubwa zaidi inatuhusu Waafrika. Katika mihadhara ileile ya Princeton alilitaja bara letu kama mahali pa maisha duni yasiyochangia historia ya binadamu. Baadaye wasomi wa Kiafrikana nchini Afrika Kusini waliongeza taifa na rangi kwenye orodha ya maeneo yenye mamlaka yake, wakapata kisingizio cha kidini cha ubaguzi. Allan Boesak, mteolojia mweusi wa kanisa la Reformed aliyesoma Uholanzi, aliwajibu kwa kumtumia Kuyper huyohuyo: kama Kristo ana haki juu ya kila pembe ya maisha, basi sheria za ubaguzi nazo ziko chini ya hukumu yake. Mwaka 1982, huko Ottawa, muungano wa makanisa ya Reformed duniani ulitangaza utetezi wa kiteolojia wa ubaguzi huo kuwa uzushi.

Kipimo

Ubishi wa shule ulimalizika mwaka 1917, katiba iliporekebishwa ili shule za dini zipate fedha za umma sawa na za serikali. Sheria ya kutekeleza ilikuja 1920, mwaka aliofariki Kuyper. Leo takriban theluthi mbili ya wanafunzi wa Uholanzi wako katika shule zisizo za serikali. Na mwaka 1988 Waislamu walifungua shule zao za kwanza za msingi nchini humo kwa kifungu kilekile.

Hapo ndipo mtazamo huu unapopimwa. Mkristo anayesema hakuna asiyeegemea upande amekwisha kubali, apende asipende, kwamba jirani yake naye ana upande na watoto wa kulea. Akidai nafasi kwa wanawe na kumnyima jirani, anachodai ni upendeleo. Akidai kwa wote wawili, ana hoja ambayo hata asiyeamini atalazimika kuijibu.