Swali Linalotangulia Vyeti: Maombi ya Masomo ya Uzamivu katika Uuguzi

Shahada ya uzamivu, ambayo ni ngazi ya 10 na ya juu kabisa katika mfumo wa sifa za elimu ya Tanzania, hutunukiwa mtu aliyethibitisha kwamba anaweza kuzalisha maarifa mapya kwa utafiti wake mwenyewe na kuyatetea mbele ya wanazuoni, na kwa sababu hiyo maombi yake hayafanani na yale ya shahada ya kwanza, ambako matokeo ya mitihani ndiyo huamua nani apate nafasi. Muuguzi wa Sigino, kata iliyomo katika Halmashauri ya Mji wa Babati mkoani Manyara, atadaiwa vyeti kama mwombaji mwingine yeyote: shahada ya kwanza, shahada ya uzamili, usajili na leseni hai kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, barua za wadhamini wanaoufahamu uwezo wake wa kitaaluma na, iwapo alisoma nje ya nchi, utambuzi wa shahada zake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyeti hivyo humfikisha mlangoni tu, kwa maana waombaji wenzake nao wanavyo. Kinachowatenganisha ni swali la utafiti, na ni jambo la kusikitisha kwamba waombaji wengi hulishughulikia mwisho, muda wa maombi ukiwa umekaribia kwisha.

Swali zuri la uuguzi lina sifa moja inayolitofautisha na swali la udaktari au la afya ya jamii kwa ujumla, nayo ni kwamba kiini chake ni kazi ya muuguzi au mkunga: anachokiona kwa mgonjwa, anachokiamua, anachokitenda na matokeo yake. Tuseme mwombaji amehudumu katika kliniki ya wajawazito na amewaona akina mama wakija kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitano au sita, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mwanzo, na jumla ya mahudhurio isipungue 8. Kuuliza kwa nini wajawazito huchelewa ni kuuliza swali lililokwisha kuulizwa mara nyingi, na jopo la chuo litalirudisha. Mwombaji akiuliza mkunga afanye nini, na mimba ikiwa na wiki ngapi, ili mama na mwenye uamuzi katika kaya yake wakubali kuwahi, na je, utendaji huo uleule unafaa kwa kaya za Wagorowa, za Wairaqw na za Warangi zinazohudumiwa na kituo kimoja, hapo ana jambo la kupimwa, lenye mipaka, ambalo yeye ana nafasi nzuri ya kulipima kuliko mtafiti anayetoka mbali.

Kwamba Manyara inaweza kuzaa maarifa yanayosomwa duniani si matumaini matupu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 katika eneo la Mbulu, imekuwa kituo cha utafiti wa uzazi salama ambamo wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kumsaidia mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa, na kazi hiyo ilikuzwa hadi ikawa mpango wa Safer Births Bundle of Care uliofikia vituo 30 katika mikoa mitano, Manyara ukiwemo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, yalionyesha kwamba vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Mwombaji anayetoka mkoa huo hana sababu ya kuazima swali la mahali pengine.

Swali likishakaa sawa, hufuata andiko dogo la utafiti, yaani maelezo ya kurasa chache yanayoonyesha tatizo, pengo lililoachwa na watafiti waliotangulia, mbinu na muda, na andiko hilo ndilo mwombaji humpelekea msimamizi anayemtarajia kabla ya kujaza fomu. Msimamizi ni mwanazuoni atakayemwongoza kwa miaka mitatu au zaidi, kwa hiyo ni busara kusoma kazi zake kwanza na kumweleza kwa ufupi zinavyohusiana na swali lililopo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina skuli ya uuguzi, na kwa miongo kadhaa kilipata ufadhili wa Sweden kwa masomo ya uzamivu, ambamo mwanafunzi aligawanya muda wake kati ya chuo cha Sweden na utafiti wa nyumbani. Anayetazama Marekani atakutana na uzamivu wa aina mbili: ule wa utafiti, unaoishia katika tasnifu, na ule wa utendaji, ulioanza katika Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2001, unaomwandaa muuguzi kuboresha huduma kwa kutumia ushahidi uliokwisha kupatikana. Anayekusudia kufundisha chuoni na kuongoza watafiti wengine atafaidika zaidi na ule wa kwanza.

Mtumishi wa umma huhitaji pia ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, na hapa panastahili kusemwa wazi kwamba halmashauri yenye wauguzi wachache huona hasara ya leo kwa urahisi zaidi kuliko faida ya kesho, hivyo mwombaji aanze mazungumzo mapema na aonyeshe jinsi utafiti wake utakavyofanyika katika vituo vya halmashauri hiyohiyo. Baada ya kudahiliwa, hakusanyi taarifa yoyote kwa wagonjwa kabla ya kupata kibali cha maadili, ambacho ni idhini ya kamati inayokagua kama washiriki watalindwa na wataridhia kwa hiari, na utafiti ukihitaji idhini ya kitaifa huombwa kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Vibali vya mkoa na halmashauri hufuata, na ratiba ya andiko inapaswa kuvitengea miezi, si wiki.