Kabla ya kufungua pochi ya sarafu za kidijitali, jiulize ufunguo atakaa nao nani

Tuseme umemaliza kazi. Kwa wiki mbili umekuwa ukiamka saa kumi alfajiri hapo kwenu Olenguruone, ambapo baridi ya saa hizo haina adabu, ukiandika maneno kutoka kwa rekodi za sauti za mteja aliye ng'ambo. Umemtumia faili ya mwisho. Anakujibu vizuri tu: kazi safi, nitumie anwani ya pochi yako ya USDT nikulipe dola 60.

Dola 60 ni kama Sh7,700. Kwa kijana ambaye bado anangoja bonasi ya chai ya mzazi ndipo aombe nauli ya kufika Molo, hizo si pesa za kuchezea. Shida ni moja, pochi huna. Unauliza kwenye kundi la WhatsApp, na kabla chai haijapoa umetumiwa majina saba ya programu, linki tatu, na jamaa usiyemjua anakwambia, "Niinbox nikufungulie, ni dakika mbili tu."

Usimwandikie. Kaa nami kidogo kwanza.

Hilo jina "pochi" linadanganya. Ndani ya pochi ya aina hii hamna pesa. Sarafu zenyewe zimeandikwa kwenye daftari moja kubwa la pamoja, ambalo maelfu ya kompyuta duniani zinaweka nakala yake. Kinachokaa ndani ya pochi ni ufunguo, yaani nambari ndefu ya siri inayothibitisha kwamba wewe ndiwe mwenye haki ya kuhamisha sarafu fulani. Aliye na ufunguo ndiye mwenye mali. Daftari halimuulizi mtu kitambulisho, wala haliiti chifu aje kutoa ushahidi.

Sisi tumelelewa na M-Pesa tangu 2007, na mazoea hayo ndiyo yanatuponza. Laini ikipotea sokoni siku ya soko, unaenda dukani na kitambulisho, unapewa laini nyingine na pesa zako unazikuta. Ukituma kwa nambari ya mtu mwingine, unapeleka ule ujumbe kwa 456 na kuomba urudishiwe. Kwenye Bitcoin au USDT iliyo mikononi mwako, hakuna 456. Iliyotumwa imeenda.

Kwa hivyo ukitaka kuchagua pochi, usianze na kuuliza ipi ina rangi nzuri au ipi rafiki zako wanatumia. Uliza ufunguo atakaa nao nani.

Kuna pochi ambapo ufunguo unakaa na kampuni. Hizi ni akaunti za masoko ya sarafu kama Binance: unajisajili kwa simu na kitambulisho, unaweka nenosiri, ukilisahau unasaidiwa. Ni kama ile desturi ya wazee wetu wa Kipsigis ya kuweka ng'ombe kwa rafiki aliye mbali ili ugonjwa au wavamizi wakija wasimalize boma lote. Ilikuwa akili nzuri. Lakini mzee alimjua yule rafiki, alijua baba yake, alijua boma lake liko kilima gani. Wewe soko lako la sarafu unalijua kwa nembo tu.

Na masoko huanguka. Mt. Gox ya Japani iliwahi kuwa kubwa kuliko zote, lakini ilifunga milango Februari 2014, takriban Bitcoin 850,000 zikiwa hazionekani. FTX ilifilisika Novemba 2022, na kulala na kuamka wateja kote duniani wakawa wanabonyeza "toa" na hakitoki kitu. Wengi wao hawakuwa wajinga. Walikuwa wameacha ng'ombe wote kwenye boma moja.

Hata hivyo, maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonipinga: kwa dola 60 ambazo unataka kuzigeuza shilingi wiki hii hii, akaunti ya soko kubwa inatosha. Ipokee, iuze, itoe. Kosa ni kuifanya kibubu. Ukianza kuweka akiba ya miezi, au jumla yake ikifika kiasi ambacho ukikipoteza utakosa usingizi, huo ni wakati wa kuhamia pochi ambayo ufunguo ni wako.

Kuhusu serikali, usitegemee sana kwa sasa. Benki Kuu ilitoa onyo kuhusu Bitcoin tangu Desemba 2015, na kwa miaka kumi hivi tulibaki na onyo tu. Sheria ya watoaji huduma za mali za kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2025, ikaipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mtaji kazi ya kutoa leseni. Ilipoanza kutumika Novemba, taasisi hizo mbili zilitangaza kwamba hazikuwa zimempa yeyote leseni. Kwa hivyo mtu akikuonyesha karatasi yenye nembo ya taifa na kusema pochi yake "imeidhinishwa", fungua tovuti ya Benki Kuu au ya Mamlaka uangalie mwenyewe kama jina liko.

Tena wengi wetu tulionja pochi bila kujua tumeionja. Unakumbuka Worldcoin? Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu pale KICC Nairobi kuchunguzwa mboni za macho, wakapewa sarafu 25 zilizokuwa na thamani ya kama Sh7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo Agosti 2, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za miili zifutwe. Watu walibishana sana kuhusu macho. Wachache waliuliza ile programu waliyowekewa kwenye simu ni nini, na simu ikipotea wanafanyaje.

Sasa tuje kwa pochi yako mwenyewe. Zipo nyingi: BlueWallet na Electrum kwa Bitcoin, Trust Wallet na MetaMask kwa sarafu za aina nyingi. Unapofungua pochi mpya ya aina hii, mara nyingi itakupa maneno 12, wakati mwingine 24, na kukuambia uyaandike. Hayo maneno ndiyo ufunguo wenyewe. Yule PIN wa kufungulia programu analinda simu hiyo moja tu. Maneno 12 yanaweza kufungua pochi yako kwenye simu yoyote, mahali popote, mikononi mwa yeyote.

Wacha nikuambie yaliyonipata. Maneno yangu ya kwanza niliyaandika nyuma ya daftari langu la zamani la Hisabati, nikaliweka rafuni jikoni, nikijiona mjanja kwa sababu hakuna mwizi anayeiba daftari la Hisabati. Miezi michache baadaye simu ikaanguka kwenye ndoo ya maziwa. Sikushtuka. Nikaenda kutafuta daftari.

"Mama, lile daftari la bluu liko wapi?"

"Lile la zamani? Si nimekuwa nikiwashia moto nalo tangu mvua ianze. Kuni zimelowa."

Kulikuwa na kama Sh1,800 mle. Bado zimo, nikitafuta anwani yangu kwenye daftari la dunia naziona zimetulia. Mama sikumlaumu. Angejuaje? Nilikuwa nimeficha siri hadi kwa mtu anayewasha moto.

Kwa hivyo andika kwa mkono, kwenye karatasi mbili, na kila karatasi ikae nyumba tofauti. Moja iwe kwenye sanduku lako la chuma la shule, lenye kufuli. Nyingine kwa mtu ambaye ungemwachia ng'ombe. Kwetu huku ukungu na moshi hula karatasi, kwa hivyo ifunge ndani ya nailoni na utumie penseli au kalamu isiyomwagika ikilowa. Maneno yenyewe yatakuwa ya Kiingereza, kutoka orodha moja ya maneno 2,048 inayotumiwa na pochi nyingi. Kiswahili hakimo, bahati mbaya. Lakini orodha hiyo ilipangwa kwa akili: hakuna maneno mawili yanayofanana herufi nne za kwanza. Maji yakifuta mwisho wa neno ukabaki na zile nne, bado unalo. Mpangilio ndio usioweza kubahatisha, basi weka nambari, 1 hadi 12.

Usipige picha. Picha inapanda yenyewe hadi kwenye akaunti yako ya Google, na nenosiri la Google ulimpa jamaa wa saiba siku ile ya kuomba mkopo wa HELB. Usijitumie kwa WhatsApp. Na huyu mkumbuke vizuri: mtu wa "huduma kwa wateja" anayekufuata Telegram ukiuliza swali, mpole, anayekuita "ndugu", na mwishowe anaomba maneno 12 ili "aunganishe pochi upya". Ni mwizi. Hakuna kampuni ya pochi inayohitaji maneno yako kwa sababu yoyote.

Kisha kuna jambo ambalo karibu kila anayeanza huliruka. Kabla hujaweka hata shilingi, nakili anwani ya pochi mahali, futa programu yote kwenye simu, ipakue tena, na uifungue kwa kutumia karatasi yako. Anwani ikirudi ileile, karatasi yako ni sahihi. Isiporudi, umejua wakati pochi ni tupu. Hili lina maana zaidi kwa wale wenye simu za kulipia pole pole. Ukikosa malipo ya siku simu inajifunga, lakini kwa yale maneno pochi unaifungua kwenye simu ya dada yako.

Kuhusu kupakua: usifuate linki ya kundi. Nenda kwenye tovuti rasmi ya pochi, ubonyeze kutoka hapo hadi Play Store, kisha uangalie jina la aliyeitengeneza. Pochi bandia huvaa nembo ileile, hupokea sarafu vizuri kabisa, ila ufunguo mwenyewe tayari anao. Na pochi yoyote inayokupa maneno 12 yaliyokwisha kuandikwa kwenye kadi, itupe. Hilo linahusu pia vile vifaa vidogo kama Trezor na Ledger, ambavyo huweka ufunguo nje ya simu. Ni vizuri, lakini mwenye Sh7,700 kununua kifaa cha bei hiyo ni kama kujenga stoo ya mawe kwa debe moja la waru. Siku ukikihitaji, usinunue cha mitumba.

Haya, mteja bado anangoja. Kabla ya kumtumia anwani, muulize atatumia njia gani. USDT husafiri kwa njia kadhaa. Ya Tron ina anwani zinazoanza na T, ya Ethereum huanza na 0x, na ada zake hazifanani. Akituma kwa njia ambayo pochi yako haiisomi, mtahangaika wote wawili. Tena kwenye Tron, ili utoe USDT kutoka pochi yako mwenyewe utahitaji sarafu kidogo ya TRX ya kulipia ada. Wengi hukwama hapo: pesa wanaiona, kuisogeza hawawezi. Kwenye akaunti ya soko ada hukatwa kwenye USDT yenyewe, sababu nyingine ya kuanzia huko kwa malipo madogo.

Nakili anwani, usiiandike kwa kidole. Ukishaibandika, linganisha herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho, kwa maana kuna virusi vinavyobadilisha anwani kati ya kunakili na kubandika. Mwambie mteja atume dola 5 kwanza. Zikifika, atume 55.

Kisha utauza. Utampata mnunuzi ndani ya soko, mtakubaliana bei, soko litashikilia USDT yako hadi useme umelipwa. Atakutumia ujumbe, "Bro nimetuma, achilia." Pengine hata utaona SMS yenye maneno ya M-Pesa. Usiamini SMS. Angalia salio lako kwenye M-Pesa yenyewe, uhakikishe pesa zimeingia na kwamba jina la aliyetuma ni lile lile la kwenye soko. Kama ni jina la mtu mwingine, usiachilie. Bonyeza kitufe cha malalamiko na ungoje, hata akikuandikia mara 20 kwamba ana haraka.