Tohara ni ya Mwenye Mwili

Kwa mila, Wajaluo wa Nyanza, Kenya, hawakutahiri. Kijana wao aliingia utu uzima kwa kung'olewa meno ya mbele ya chini. Kwa kuwa wengi wao hawakutahiriwa, watafiti waliotaka kujua kama tohara hukinga VVU walikwenda Kisumu, huko Nyanza. Walipata wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24 wasiotahiriwa, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wakatahiriwa papo hapo, nusu wakasubiri. Desemba 2006 utafiti ulisitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliotahiriwa waliambukizwa kwa takriban nusu ya kiwango cha wenzao. Katika majaribio ya Rakai, Uganda, na Orange Farm, Afrika Kusini, majibu yalikuwa ya aina hiyo hiyo, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza tohara ya hiari.

Sababu iko kwenye govi lenyewe. Ngozi yake ya ndani ni laini na imejaa seli ambazo virusi huzishika kwa urahisi. Likiondolewa, mlango mmoja umefungwa. Mingine iko wazi, kwa hiyo kondomu bado inahitajika. Kidonda nacho kinataka wiki sita bila kujamiiana. Tena, mwanamume mwenye VVU akitahiriwa, mkewe hapati kinga kwa hilo.

Ushahidi huo naukubali bila kusita. Lakini mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Wajaluo walikamatwa mijini na kutahiriwa kwa nguvu, wengine kwa vioo na mapanga. Mwaka huo huo serikali ilianza kutoa tohara ya hiari Nyanza. Govi ni lile lile. Kilichotenganisha tiba na ukatili ni ridhaa.

Kwa watoto hoja hubadilika. Mzazi anayemtahiri mwanawe kwa dini au mila ana sababu zake, na hospitali yenye ganzi na vifaa safi ni salama kuliko kisu cha porini. Asisingizie UKIMWI tu: mtoto mchanga hana ngono ya kumwambukiza. Baadhi ya vijana waliotahiriwa wakiwa chini ya miaka 15 walipata majeraha ya mrija wa mkojo, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani likaelekeza huduma hii kwa wenye miaka 15 na zaidi.

Wauguzi wenzangu, kijana akiletwa na mjomba au na mhamasishaji wa tohara, zungumzeni naye faraghani. Akisema hataki, mwacheni aende.