Bamvua Kabla ya Bahari

"Mwalimu, kabla ya Big Bang miujiza ilikuwapo?" Hii ni mara ya nne mwaka huu. Safari hii aliyeniuliza ni kijana wa bodaboda, tuko kwenye benchi la muuza kahawa hapa Chaani, Mombasa, kikombe hakijanifika mdomoni. Mwenzake akadakia: na sheria za sayansi, nani alizipitisha? Nimefundisha fizikia miaka 22 na nilikuwa nikijibu kwa upole. Leo naandika, nisije nikaulizwa mara ya tano.

Kosa lote limejificha katika neno "mlipuko", tunalotafsiria Big Bang. Mtu wa Changamwe, aliyekulia jirani na matangi ya mafuta, akiambiwa Mlipuko Mkuu huona uwanja mtupu wenye giza, saa inakwenda, kimya, halafu puu! Kwa picha hiyo ana haki ya kuuliza nani alikuwa uwanjani dakika tano nyuma. Ila picha yenyewe ni ya uongo. Jina Big Bang lilitoka mdomoni mwa mwanasayansi Fred Hoyle, redioni BBC, mwaka 1949, naye aliipinga nadharia hiyo ya mwanzo wa ulimwengu hadi kufa kwake. Tumerithi jina kwa mpinzani, tukalitafsiri, sasa tunaihubiri tafsiri.

Tangi likilipuka Changamwe, moshi una unakotokea. Aliye Likoni atanyoosha kidole huku, wa Miritini atanyoosha kule, na vidole vyao vitakutana kwenye tangi. Sasa tazama joto kongwe la ulimwengu, lililobaki tangu Big Bang. Wanafizikia Arno Penzias na Robert Wilson walilinasa mwaka 1964 kwa antena yao huko New Jersey, likiwa mnong'ono usiokoma. Wakashuku hata kinyesi cha njiwa waliokaa ndani ya antena. Wakasugua, mnong'ono ukabaki. Ulitoka pande zote kwa kipimo kilekile, nyuzi zisizofika 3 juu ya baridi ya mwisho kabisa. Wenye televisheni za zamani, kabla ya mitambo ya analojia kuzimwa nchini Kenya mwaka 2015, waliuona sebuleni bila kujua: sehemu ndogo ya zile chenga ilikuwa ndiyo huo. Huo ni moshi usio na tangi. Hapakuwa na uwanja ambamo kitu kililipuka. Uwanja wenyewe ndio uliotanuka, na miaka bilioni 13.8 baadaye ungali ukitanuka.

Na saa? Tangu nadharia ya Einstein ya mwaka 1915, muda hauko nje ukitutazama. Umo humuhumu ulimwenguni na uzito huupinda. Ukiurudisha ulimwengu nyuma, unafika pahala hesabu za Einstein zinakwama, kama zinavyokwama ndani kabisa ya shimo jeusi. (Asije mtu akasema haya ni ya ng'ambo: ushahidi wa awali kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi ulikusanywa na setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Kenya.) Hesabu zikishakwama, "kabla" inabaki neno lisilo na saa.

Tuje kwenye sheria. Neno hili nalo hutupoteza, maana linanukia bunge na kadhi. Mvuvi wa Port Reitz anajua bamvua huja mwezi ukiandama na ukipevuka, jua na mwezi vikivuta kwa mstari mmoja, na katikati yake ni maji mafu. Ni kanuni ya kuaminika na hakuna aliyeipitisha. Sasa niambie, kabla ya bahari, mwezi na jua, bamvua ilikuwa imewekwa wapi? Wapo wenzangu wanaosema kanuni za ndani kabisa hazihitaji pa kukaa, kama vile mbili na mbili kuwa nne. Huenda. Lakini hiyo ni falsafa, hakuna antena iliyoinasa.

Muujiza una taabu zaidi. Wanazuoni wa Kiislamu hueleza kuwa ni jambo linalovunja ada, yaani mazoea ya maumbile. Maiti akifufuka tunashangaa kwa kuwa maiti hawafufuki. Anayesema miujiza ilitangulia kanuni anatuambia goli la kuotea lilifungwa kabla mpira haujawa na sheria.

Wahubiri wasininunie. Augustino wa Hippo aliandika kwamba muda uliumbwa pamoja na ulimwengu, na Imam Ghazali alilishikilia hilo dhidi ya wanafalsafa mwishoni mwa karne ya 11. Papa Pius XII alipoifungamanisha nadharia ya Big Bang na uumbaji mwaka 1951, aliyekosa raha ni Georges Lemaître, padri Mbelgiji aliyeiasisi. Wanaosambaza video kwamba sayansi imethibitisha ulimwengu ulitoka patupu nao hawana nafuu: hesabu zao huanza na kanuni za kwanta, na penye kanuni si patupu.

Haya, chagua. Muda ulianza, basi swali limekufa. Au kulikuwa na ulimwengu mwingine nyuma ya huu, basi na kanuni zilikuwapo, nawe umelisogeza swali tu. Au kanuni zimo katika elimu ya Mungu: hiyo ni imani, iseme msikitini au kanisani, usiivalishe koti la maabara. Au sema hujui. Wanafizikia wengi wako hapo.

Kijana wa bodaboda bado ananidai jibu. Mimi namdai moja kwanza: hiyo "kabla" yake anaipima kwa saa gani? Akinijibu, kahawa ni juu yangu.