Mama atafika saa ngapi?

Mama ya Petro anasafiri kwa ndege toka Lubumbashi mpaka Kinshasa. Dada ya Petro atakwenda kumpokea. Atafika saa ngapi? Petro anachukua ramani na rula.

Katika ramani hiyo, santimeta 1 ni kilometa 100. Kati ya miji ile miwili Petro anapima santimeta 15 na nusu: ndizo kilometa 1.550. Barabara hupindapinda, lakini ndege hupita karibu sawa na mstari wa rula.

Ndege kubwa hukata karibu kilometa 800 kwa saa 1. Kwa kilometa 1.550 ni karibu saa 2. Ikipanda na ikishuka huenda polepole. Basi Petro anaongeza nusu saa.

Ndege itaruka saa 4 ya asubuhi. Petro anaandika: saa 6 na nusu.

Mwalimu anamwambia: «Umesahau jambo moja. Lubumbashi ni upande wa mashariki, nayo huona jua kwanza. Saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa 1.»

Petro anafuta, anaandika: saa 5 na nusu. Asingefuta, mama angemngojea binti yake saa nzima.

Ulizo: Ndege ikiruka Kinshasa saa 6 ya mchana, itafika Lubumbashi saa ngapi?