Kompyuta ya Mwalimu: Mpya ya Bei Nafuu au ya Kiofisi?

Mwanachuo anayekaribia kuhitimu hukabiliwa upesi na suala la kununua kompyuta mpakato. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani na orodha za alama siku hizi huandaliwa humo, na mwalimu anayeanza kazi aghalabu huinunua kwa mkopo. Kosa la siku moja dukani hulipwa kwa miezi mingi.

Dukani atakuta namna mbili. Ya kwanza ni mpya, nyembamba, ya bei nafuu. Ya pili ni ile iliyoundwa kwa kazi za ofisi, kama vile ThinkPad, ambayo IBM iliianzisha mwaka 1992 na Lenovo ikaichukua mwaka 2005. Ikiwa mpya, hii ya pili ni ghali mno kwa mshahara wa mwalimu. Lakini zilizokwisha kutumika ng'ambo huletwa kwetu na kuuzwa kwa bei inayokaribiana na ile ya kwanza. Hapo ndipo penye shauri.

Wengi huvutwa na upya. Mwalimu mwenzangu alivutwa hivyo. Mashine yake ilikuwa na kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 hukubali. Mfumo wenyewe ulikula sehemu kubwa ya hifadhi, na masasisho yalipofika hayakuwa na pa kukaa. Wiki ya kuandika ripoti za wazazi ikamkuta akinakili alama za darasa zima kwa mkono. Fundi hakuwa na la kufanya, kwa kuwa katika mashine nyingi za namna hiyo hifadhi hutiwa lehemu kwenye bodi.

Mashine za ofisi nyingi huundwa kwa kutazamia kwamba fundi atazifungua. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za kumbukumbu, diski inayobadilishika, na betri mbili, moja ikichomolewa bila hata bisibisi. Kwa shule isiyo na umeme wa uhakika, betri ya akiba ina thamani kuliko wembamba. Hata hivyo jina peke yake lisikutoshe: X1 Carbon ni ghali, na kumbukumbu yake haibadilishiki.

Mtumba nao una hila zake. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukataa karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kwa hiyo soma namba yenyewe: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-7300U ni ya 7, ingawa mashine zenyewe huweza kufanana kama mapacha. Hakikisha haikufungwa kwa nywila ya mwenyewe wa kwanza. Kisha uandike amri powercfg /batteryreport. Utaonyeshwa uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo uliobaki. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, muage kwa heshima.

Anayependelea mpya kwa sababu ya dhamana hakukosea, mradi atafute yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Akiikosa kwa fedha aliyo nayo, ni heri angoje muhula mmoja zaidi.